Bodi Haijafa Mpaka Ipimwe

Kuna hukumu inayotolewa haraka mno katika vibanda vya ufundi wa kompyuta vya Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe: "Bodi imekufa." Mwenye mashine alikuwa na kompyuta ya mezani iliyofanya kazi bila matata. Akataka kuiongezea kadi ya grafiksi, pengine kwa ajili ya magemu, pengine apate kuhariri video za harusi. Akaambiwa pawa saplai iliyomo haitauweza mzigo huo, akanunua yenye nguvu zaidi, akaifunga, akabonyeza swichi, kimya. Fundi naye anabonyeza mara mbili tatu, anachungulia ndani, anatikisa kichwa, na hukumu imeshatoka. Naamini ni makosa kuitoa kabla ya kupima. Mashine yenyewe imekwisha kutoa ushahidi mzito kuliko uzoefu wa mtu yeyote: jana iliwaka, leo haiwaki, na kilichobadilika kati ya jana na leo kinajulikana. Anayeanza kutafuta kosa mahali pengine ameacha njia iliyo wazi akaingia msituni. Naamini pia kwamba kupima huko ni kazi, na kazi hulipwa. Tukikataa kuilipia, tusishangae tukiuziwa bodi tusizozihitaji.

Tuanze na mashine zenyewe. Nyingi ya kompyuta za mezani zinazouzwa Mombasa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu zilitumika kwanza katika maofisi ya ng'ambo, zikapakiwa kwenye makasha, zikashushwa bandari ya Kilindini. Ni mashine imara, na sina neno baya juu yake. Ila waliozitengeneza hawakuwa na sababu ya kumfikiria kijana wa Mtongwe atakayetaka kubadilisha pawa saplai miaka kumi baadaye. Dell OptiPlex 7020 na 9020 hupokea umeme kupitia plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 ya kizazi cha kwanza ina pini 6. Baadhi ya ThinkCentre za Lenovo zina pini 14. Pawa saplai inayouzwa dukani ina pini 24, kwa kuwa inafuata utaratibu wa ATX ambao Intel iliuleta mwaka 1995 ukiwa na pini 20, na ambao ulipanuliwa kufikia 24 mwaka 2003. Pini 24 haziingii kwenye tundu la pini 8, kwa hiyo panahitajika adapta, na adapta si waya wa kuunganisha tu. Bodi kadhaa za HP hutaka volti 12 peke yake, kisha hujitengenezea zenyewe 5 na 3.3. Hata umeme mdogo wa kusubiri, ule unaoingia kwenye bodi kabla hujabonyeza kitufe, haziutaki wa volti 5 ambao ATX hutoa. Adapta ya mashine ya namna hiyo lazima iwe na saketi ndogo ya kupandisha volti. Aliyenunua adapta isiyo na saketi hiyo atabonyeza mpaka kidole kiume na bodi yake ikiwa nzima kabisa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Mashine haikuwaka, lakini hakuna kilichoungua. Hakuna moshi wala harufu, na hakuna kapasita iliyovimba. Kuna plagi ambayo haikupata inachokingoja. Ukinunua bodi nyingine ya aina ile ile ukaifunga na adapta ile ile, nayo haitawaka, na utaambiwa bodi za mitumba siku hizi hazina maisha.

Utaratibu wa kuchunguza si siri ya mtu. Hatua ya kwanza haitaki hata kifaa: rudisha pawa saplai ya zamani, toa kadi mpya, washa. Ikiwaka, bodi iko hai na habari ya bodi imekwisha. Kesi imebaki kati ya pawa saplai mpya, waya zake na ile kadi. Ndiyo maana mteja asikubali kuiacha pawa saplai ya zamani dukani kwa punguzo dogo la bei siku anaponunua mpya. Ndiyo shahidi wake mkuu. Ikiwa imeshauzwa, bado kuna njia. Pawa saplai mpya ichomolewe kwenye bodi na iwekwe peke yake mezani. Kabla ya kuiamsha, mita ya kupimia volti iwekwe kwenye waya wa zambarau: hapo pawepo volti 5 wakati wote iwapo stima iko na swichi ya nyuma imewashwa. Zisipokuwepo, kubonyeza kitufe hakutasaidia. Kisha waya wa kijani, ulio kwenye tundu la 16 la plagi ya pini 24, uguswe na mweusi wowote kwa kipande cha waya, na feni itazunguka. Wengi huishia hapo, wakaitangaza pawa saplai kuwa nzima. Feni inathibitisha tu kwamba imekubali kuamka. Njano ipimwe, isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu isome karibu na 5, chungwa karibu na 3.3, zote zisipishane kwa zaidi ya asilimia 5. Halafu kijivu, waya ambao wengi huusahau: ndio unaoiambia bodi kwamba umeme umetulia, na bodi haiiruhusu prosesa kuanza mpaka ipate volti 5 hapo. Siku hizi baadhi ya pawa saplai huja na waya zote nyeusi, na fundi asiyejua kuhesabu matundu hukwama.

Baada ya hapo mashine yenyewe hujieleza, anayetaka kusikiliza atasikia. Kimya kabisa ni jambo moja. Feni kuruka nusu mzunguko na kusimama ni jambo jingine: mara nyingi pawa saplai imehisi shoti mahali fulani ikajizima ili isiunguze vitu. Shoti hiyo inaweza kuwa skrubu iliyodondoka chini ya bodi, waya uliobanwa na kifuniko, au plagi iliyosukumwa kwenye tundu lisilo lake. Hili la mwisho ni baya kuliko yote. Plagi ya pini 8 ya prosesa na plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiksi zinafanana kwa umbo, lakini waya zake za umeme na za ardhi zimepangwa kinyume. Zina kingo za kuzuia kosa, ila mkono wenye haraka hushinda kingo za plastiki. Vivyo hivyo waya za pawa saplai zinazochomoka pande zote mbili: waya wa kampuni moja unaweza kuingia vizuri kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine na kupeleka volti 12 palipotakiwa 5. Feni zikizunguka bila picha, tazama kona ya juu karibu na prosesa. Pale kuna plagi ndogo ya pini 4 au 8 ambayo haimo katika plagi kuu, na bila hiyo prosesa haipati kitu hata kila taa ikiwaka. Tazama pia waya wa monita, kwani kadi mpya ikishafungwa, monita ihamie kwenye kadi. Mashine ngapi zimepelekwa kwa fundi zikiwa zinafanya kazi na picha inatoka kwenye tundu lisilounganishwa na kitu!

Kuna swali la wati pia. Boksi limeandikwa 500 kwa herufi kubwa, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Kilicho na maana kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, kwenye mstari wa volti 12. Ukikuta ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Hizo ndizo prosesa na kadi zitakazogawana, liandike boksi litakavyoandika. Mashine inaweza kuwaka vizuri na pawa saplai hiyo, kisha ikazima mara gemu inapofunguka, na kadi ikalaumiwa. Tena ukigeuza nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani utakuta swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kwetu stima ni volti 240. Swichi ikiwa upande wa 115, kama inavyoachwa kwenye mashine iliyotoka Marekani, ukichomeka utasikia mlio na kuona moshi. Hapo kuna kilichokufa kweli, na mara nyingi kimekufa ndani ya pawa saplai, wala hakikufika kwenye bodi.

Fundi wa Magongo au Mlaleo ana majibu yake, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba stima ya Mombasa inaua bodi kila siku, na yeye ameziona. Ni kweli. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, na mwezi Juni 2016 tumbili mmoja aliyeingia kituo cha umeme cha Gitaru alitosha kuizimia Kenya. Hata siku zisizotajwa kwenye habari, stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Nyumba nyingi zilizojengwa na kuongezwa vyumba kidogo kidogo zina soketi ambazo tundu la ardhi halina waya nyuma yake. Pawa saplai isiyo na ardhi hulifanya kasha la kompyuta lishike karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo sana, ndiyo sababu ukiligusa na miguu mitupu unahisi mtekenyo. Kuchomeka waya wa monita katika hali hiyo kunaweza kudhuru matundu ya kadi. Hewa ya bahari nayo huacha chumvi na unyevu kwenye pini. Yote hayo nayakubali, na yote yanazidisha haja ya kupima. Kadiri sababu zinazowezekana zinavyokuwa nyingi, ndivyo kukisia kunavyokosea zaidi. Pini zenye kutu ya chumvi hufanya kompyuta isiwake sawasawa na bodi iliyokufa, lakini dawa yake ni kuchomoa ramu, kuisugua kwa raba ya shuleni na kuirudisha. Ramu hiyo huenda ililegea siku ile ile pawa saplai ilipokuwa ikibadilishwa, au njiani, mashine ilipokuwa ikibebwa kwa tuktuk na kuvushwa feri.

Jibu la pili ni la uzoefu: fundi wa miaka kumi na tano anajua kwa macho. Siupuuzi uzoefu. Unampa fundi mpangilio wa kuchunguza, ajue pa kuanzia na pa kuruka, ili kazi ya saa mbili aimalize kwa dakika ishirini. Haumpi macho ya kuona volti. Waya wa njano wenye 12 na wa njano wenye 9 zina rangi moja. Hata kapasita iliyovimba, ambayo macho huiona, ni dalili tu. Fundi mwenye uzoefu wa kweli hukasirika akiulizwa amejuaje kwa sababu anaona anadharauliwa, na hapo wateja nasi tuna la kujirekebisha: swali liulizwe kwa adabu, kwa salamu kwanza, na liulizwe kabla ya kazi kuanza, wala si baada ya bei kutajwa. "Fundi, naomba unionyeshe ulichopima" si matusi.

La tatu ni zito zaidi kwangu, nalo ni la pesa. Mteja hataki kulipia kupima. Ukimwambia bodi imekufa na bei ni kiasi fulani, ataguna, atapunguziwa, atalipa. Ukimwambia umetumia saa nzima ukagundua plagi ya prosesa haikuchomekwa, anacheka, anatoa shilingi hamsini ya soda na kuondoka na mashine yake. Katika hali hiyo fundi mwaminifu anakula hasara na anayeuza bodi anashiba. Hilo tumelijenga sisi wateja, na lawama yake haiwezi kumwangukia fundi peke yake. Tunalipia kitu tunachokishika mkononi, tunakataa kulipia ujuzi uliotuepusha kukinunua. Daktari wa Port Reitz au wa Likoni akikupima damu akakuta huna malaria, hudai pesa za maabara zirudishwe.

Sheria yetu iko upande wa utaratibu huu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Inamtaka anayetengeneza atoe makadirio kabla ya kutoza. Inamruhusu kutoza ada ya makadirio hayo, muradi amwambie mteja mapema kwamba kuna ada na ni kiasi gani. Tena inazungumzia kumrudishia mteja vipande vilivyotolewa kwenye mali yake. Yaani ile bodi inayosemwa imekufa ni yako, na una haki ya kuondoka nayo ukaipimishe kwingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupata habari unazohitaji ili unufaike nayo. Sioni ugumu wa kibanda kuandika ukutani: kupima ni kiasi hiki, kunalipwa mashine ikitengenezwa au isitengenezwe, na utapewa karatasi yenye vipimo. Mafundi wa mtaa mmoja wakikubaliana ada inayolingana, hakuna atakayenyang'anywa wateja kwa sababu ya kusema kweli.

Wapo watakaosema nawachochea vijana wachezee umeme. Hatari ipo, na ina mpaka ulio wazi. Waya zinazotoka nje ya pawa saplai kwenda kwenye bodi zinabeba volti 12 au chini yake, nazo mtu makini anaweza kuzipima kwa usalama. Ndani ya lile boksi la chuma ni habari nyingine. Stima ya volti 240 ikigeuzwa hufikia karibu 340 katika kapasita kubwa, na kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Hapo asiguse asiyefunzwa, na hata aliyefunzwa ajiulize kama pawa saplai ya bei rahisi inastahili hatari hiyo. Kila waya unaoingia kwenye bodi uchomekwe au uchomolewe stima ikiwa imezimwa. Vijana wetu tayari wanazifungua mashine hizi, kwa kutazama video za watu wa mbali wenye vifaa visivyofanana na vyao. Kuwanyamazia hakuwakingi na kitu.

Na bodi zilizohukumiwa bila kupimwa huenda wapi? Chache huuzwa kama vipuri, pengine kwa fundi atakayegundua ni nzima. Nyingine huishia kwenye taka. Jaa la Kibarani lilipofungwa, mzigo wa taka za Mombasa ulielekezwa zaidi Mwakirunge, huko huko Kisauni, na bodi ya kompyuta ina risasi na metali nyingine ambazo hazistahili kuchomwa wala kufukiwa karibu na visima vya watu. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 ilikadiria tani milioni 62 kwa mwaka 2022 peke yake, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inawatwika watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zinapofika mwisho. Ni sheria njema, lakini haiwezi kuizuia bodi nzima isitupwe kwa sababu hakuna aliyeipima.

Kuna faida moja ya kupima ambayo wenye maduka hawataifurahia. Vipimo vikionyesha kwamba kosa ni la pawa saplai mpya, mteja ana la kurudi nalo dukani. Leo akirudi mikono mitupu ataambiwa bidhaa ya umeme ikishachomekwa hairudishwi, na kwamba fundi wake ndiye aliyeiharibu. Akirudi na karatasi iliyoandikwa tarehe, jina la kibanda, njano 10.8, kijivu 0, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu muuzaji naye ana mita na anaweza kupima mbele ya macho yao wote wawili. Kifungu kile kile cha 46 kinataja fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro ya bidhaa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Ni wachache watakaofika huko kwa ajili ya pawa saplai moja. Lakini duka lililouza ishirini za aina hiyo, na kila moja ikarudi na karatasi yake, litaacha kuziagiza.